Kitenzi-jina Baada ya Kiunganishi: Historia ya "Ili Kupata" katika Kiswahili cha Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya matumizi ya kitenzi-jina, yaani kitenzi chenye kiambishi KU-, baada ya viunganishi katika Kiswahili cha mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hususan Kizuka na Rumonge. Inadai kwamba miundo inayofanana kwa sura, kama vile na kununua, kabla ya kununua na ili kununua, imefika mwambaoni kwa njia tofauti na haistahili kuhukumiwa kwa kipimo kimoja. Aidha, inaonesha kwamba udhaifu wa kweli wa miundo hii haumo katika usanifu wake bali katika kumficha mtenda, jambo ambalo lina uzito mkubwa katika nyaraka za ardhi. Mifano ya sentensi imetungwa kwa kufuata matumizi yanayofahamika katika lahaja na lugha zinazohusika.

1. Utangulizi

Chukua sentensi ifuatayo:

(1) Mrejeaji atamlipa mkazi fidia kabla ya kuondoka shambani.

Sentensi hii haina kosa la tahajia wala la upatanisho wa kisarufi. Mwalimu yeyote wa Kiswahili, wa Dodoma au wa Bujumbura, angeipitisha. Lakini ikiwekwa katika hati ya maafikiano kati ya familia iliyorejea kutoka uhamishoni na familia iliyolikuta shamba likiwa tupu, inaweza kuzaa shauri jipya mahali pa lile lililokusudiwa kumalizwa. Nani anaondoka shambani? Kisarufi, wengi wataelekea kusema ni mrejeaji, kwa kuwa ndiye kiima cha sentensi. Kimantiki, wengi watasema ni mkazi, kwa kuwa ndiye anayelipwa. Kitenzi kuondoka hakitoi msaada wowote, kwa sababu hakibebi nafsi.

Kizuka, katika tarafa ya Rumonge, ni mahali ambapo swali hili halibaki darasani. Mwambao huu, ambao mji wake mkuu wa Rumonge uko takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, ni ukanda wa wavuvi wa mukeke na ndagala, wakulima wa michikichi na wafanyabiashara wa mawese. Kirundi ndicho lugha ya nyumbani kwa walio wengi, Kifaransa ni lugha ya ofisi, na Kiswahili ni lugha ya bandari, soko na barabara. Ni ukanda huohuo ulioshuhudia watu wakikimbia kwa wingi mwaka 1972, na wengine wakirejea miongo mitatu baadaye na zaidi kudai ardhi ya wazazi wao.

Katika mijadala ya usanifu wa lugha, muundo wa kiunganishi kinachofuatwa na KU- huzungumziwa kwa namna mbili. Wapo wanaouona kuwa ni athari ya Kiingereza inayopaswa kung'olewa, na wapo wanaouona kuwa ni Kiswahili cha kawaida kisichohitaji maelezo. Makala hii inaonesha kwamba pande zote mbili zinajumuisha mambo ambayo historia imeyatenganisha.

2. KU- na aina mbili za viungo

Kitenzi-jina cha Kiswahili kina sura mbili. Kwa upande mmoja ni jina la ngeli ya KU: huchukua kimilikishi na kivumishi, kama katika kusoma kwake au kuimba kuzuri. Kwa upande mwingine ni kitenzi: huchukua yambwa, kama katika kuwalipa wavuvi, na hukanushwa kwa -to-, kama katika kutowalipa. Kile kisichokuwa nacho ni kiambishi cha nafsi ya mtenda. Kuwalipa inasema ni nani wanaolipwa. Haisemi ni nani anayelipa.

Viungo vinavyoweza kutangulia kitenzi-jina vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la viungo ambavyo tangu asili huunganisha majina: na, au, kuliko, bila, pamoja na vile vinavyoundwa kwa kihusishi -a, kama kabla ya, baada ya, badala ya na licha ya. Kwa kuwa kitenzi-jina ni jina, hakuna cha ajabu kukiona mahali hapa. Anayesema kabla ya kuondoka anatumia muundo uleule wa kabla ya jua au kabla ya Ramadhani. Vivyo hivyo, na katika alikwenda Rumonge na kununua samaki hufuatwa na jina kama inavyofuatwa na jina katika wali na samaki. Ni kweli kwamba kabla, baada, bila na au ni maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini KU- inayoyafuata ni ya Kibantu, na mshono kati ya hivyo viwili ni wa Kiswahili chenyewe.

Kundi la pili ni la viunganishi vinavyotanguliza sentensi kamili: ili, ingawa, iwapo, kwa sababu, kwa kuwa. Baada ya hivi, kitenzi hutarajiwa kubeba nafsi: ingawa alinunua, iwapo atanunua, ili anunue. Hakuna mzungumzaji anayesema ingawa kununua au iwapo kununua. Ni ili peke yake, katika kundi hili, iliyovuka mpaka na kukubali KU-. Sababu ya kuvuka huko ndiyo inayohitaji maelezo ya kihistoria.

Ipo pia hatua ya tatu, ambapo kitenzi-jina hakifuati kiunganishi bali hugeuka kuwa kiunganishi chenyewe. Kwamba ni kitenzi-jina cha mzizi -amba, wenye maana ya kusema. Kuwa katika alisema kuwa ni kitenzi-jina kilichoacha kazi yake ya awali. Kirundi kimefanya vivyo hivyo: kiunganishi cha kusudi, kugira ngo, kimeundwa na kitenzi-jina kugira, chenye maana ya kufanya au kuwa na, pamoja na ngo inayotanguliza maneno yaliyosemwa. Kwa hiyo ukaribu wa KU- na viunganishi ni tabia ya muda mrefu katika lugha hizi mbili zinazokutana Kizuka.

3. Misafara, misheni na Kiswahili cha ziwani

Kiswahili kilifika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika kwa miguu ya wapagazi na kwa mitumbwi ya wafanyabiashara, kabla ya kitabu chochote cha sarufi kufika. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta tayari kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani. Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakithibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe, walianzisha kituo Rumonge. Kituo hicho kilivunjika baada ya watatu wao kuuawa Mei 1881. Katika muongo huo huo, Mohamed bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alipanua mamlaka yake ya kibiashara na kijeshi kuelekea kaskazini mwa ziwa.

Kiswahili cha misafara hiyo kilikuwa lugha ya watu wengi ambao hawakuzaliwa nacho. Katika mazingira kama hayo, kitenzi-jina kina faida iliyo dhahiri: kinamruhusu mzungumzaji kutaja tendo la pili na la tatu bila kulazimika kuchagua upya kiambishi cha nafsi na cha njeo. Hata hivyo, mtindo mkuu wa masimulizi ya Kiswahili cha wakati huo ulikuwa wa -ka-: akaenda, akanunua, akarudi. Tawasifu ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, iliyotolewa na Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na maandishi ya desturi na safari yaliyokusanywa na Velten katika miaka hiyohiyo, yameegemea mno mfululizo wa -ka-. Muundo wa na kununua ulikuwepo kama njia ya pili, si kama mbadala ulioshinda.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890 na kukitumia Kiswahili kama walivyokitumia kwingineko katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916, na kwa sheria ya mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Hapo ndipo njia ya Rumonge ilipoachana na njia ya Zanzibar. Shule za misheni ziliegemea Kirundi na Kifaransa; Kiswahili, kilichohusishwa na Uislamu na biashara, kilibaki katika mitaa kama Buyenzi huko Bujumbura na katika miji ya mwambao kama Rumonge na Nyanza-Lac.

4. Kanuni iliyoandikwa bila Rumonge

Sarufi za Kiswahili ziliandikwa kutokana na usemi wa pwani ya Bahari ya Hindi. Krapf alichapisha muhtasari wake mwaka 1850, Steere akachapisha kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870, na Sacleux akatoa sarufi yake kwa Kifaransa mwaka 1909. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kamati hiyo ilihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Ruanda-Urundi haikuwamo.

Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, iliyofundisha vizazi kadhaa vya walimu na maofisa, inaeleza bila wasiwasi kwamba vitenzi viwili vinapounganishwa kwa na, cha pili kinaweza kuwa kitenzi-jina. Kwa maneno mengine, alikwenda na kununua haukuwahi kuwa muundo wa mlango wa nyuma. Umo katika kiini cha kanuni iliyoandikwa. Kuhusu ili, mapokeo ya sarufi yameifundisha pamoja na hali tegemezi: ili anunue, ili tupate, ili wasikose. Tofauti hii inaafiki kabisa mgawanyo wa makundi mawili uliotolewa hapo juu. Wanasarufi hao walisajili kile ambacho lugha yenyewe ilikuwa imekipanga.

Matokeo yake kwa Kizuka ni kwamba kanuni ilikuja kufika kama mgeni. Mzungumzaji wa mwambao alikuwa na KU- yake aliyoirithi kutoka katika misafara na kuilisha kwa Kirundi, na hakuwa na kitabu cha kumwambia ni ipi kati ya hizo ilikuwa imeidhinishwa.

5. Ng'ambo mbili za ziwa

Miundo ya KU- inayosikika mwambaoni leo imepata nguvu kutoka ng'ambo mbili. Ya kwanza ni ng'ambo ya magharibi: Uvira, Baraka na Fizi, nchini Kongo. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kimekuza viungo vyake kabla ya KU-:

(2) Alienda ku soko juu ya kununua samaki.
(3) Mbele ya kuenda, alilipa deni.
(4) Kisha kuuza mawese, alirudi nyumbani.

Kwa kipimo cha Kiswahili sanifu, sentensi hizi zingesahihishwa kuwa ili anunue, kabla ya kwenda na baada ya kuuza. Lakini mzungumzaji wa Kirundi hasikii kosa ndani yake. Mbele ya kuenda inalingana sehemu kwa sehemu na imbere yo kugenda, na nyuma ya kuenda inalingana na inyuma yo kugenda. Hata kisha kuuza ina mantiki yake ya ndani: kisha imetoka katika mzizi -isha, ambao katika Kiswahili sanifu pia hufuatwa na kitenzi-jina, wakati mwingine kikiwa kimepoteza KU- yake, kama katika alipokwisha kuuza au amekwisha uza. Kinachoonekana kama uholela ni utaratibu mwingine.

Ng'ambo ya pili ni ya kusini na mashariki: Kigoma na maeneo ya ndani ya Tanzania. Ghasia za mwaka 1972, zilizoanza mwishoni mwa Aprili katika ukanda huu wa kusini na kufuatiwa na mauaji makubwa yaliyofanywa na vyombo vya dola, ziliwasukuma watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac kuvuka mpaka. Walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili katika mfumo wa elimu wa Tanzania, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi. Baadaye takriban watu 162,000 wa kundi hilo la mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania. Makumi ya maelfu wengine walichagua kurejea Burundi, hasa katika miaka ya 2008 na 2009, na wengi wao walielekea mwambao uleule ambao wazazi wao walikuwa wameuacha.

Warejeaji hawa walirudi na Kiswahili cha shule, cha redio na cha ofisi ya kijiji cha Tanzania. Katika Kiswahili hicho, ili kupata na ili kuweza vilikuwa vimekwisha kuwa maneno ya kawaida ya tangazo, barua na hotuba. Hivyo katika soko la Kizuka kukakutana kaulimbiu tatu za kusudi: juu ya kununua ya ng'ambo ya Kongo, ili anunue ya kanuni ya zamani, na ili kununua ya warejeaji. Namna mtu anavyounganisha tendo na kusudi lake imekuwa dalili ya alikokulia, na katika jamii yenye migogoro ya ardhi, dalili ya aina hiyo haisikilizwi kwa masikio matupu.

6. Je, ni Kiingereza?

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba ili ku- imeigwa kutoka Kiingereza, ambacho hutumia kitenzi-jina chake kuonesha kusudi. Maelezo haya yana uzito mahali ambapo magazeti na nyaraka hutafsiriwa kutoka Kiingereza kila siku. Lakini kwa mwambao wa Rumonge hayatoshi, kwa sababu tatu.

Kwanza, Kiingereza hakikuwa lugha ya shule wala ya ofisi hapa kwa karibu karne nzima ya 20. Kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi, pamoja na Kiswahili, katikati ya miaka ya 2000, nchi ilipokuwa ikielekea kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiingereza kingeweza kufika Kizuka kupitia Kiswahili cha Tanzania tu, yaani kikiwa tayari kimegeuka Kiswahili.

Pili, Kiingereza hakitumii umbo moja baada ya viungo vyote. Baada ya viungo vya wakati hutumia umbo jingine la kitenzi, lisilo kitenzi-jina chake cha kawaida. Kama Kiswahili kingekuwa kinaiga, kusingekuwa na sababu ya KU- kukaa vilevile katika kabla ya kuondoka na ili kuondoka. Kifaransa ndicho kinachofanana zaidi: avant de partir, sans partir, afin de partir, zote zina kitenzi-jina kilekile. Iwapo ipo lugha ya ofisi iliyoweza kuimarisha KU- katika maandishi ya Burundi, ni hiyo.

Tatu, na hii ndiyo sababu yenye uzito zaidi, Kiswahili chenyewe kilikuwa na mlango ulio wazi. Baada ya vitenzi vya mwendo, kitenzi-jina huonesha kusudi bila kiunganishi chochote: alikwenda kununua samaki. Kirundi husema vivyo hivyo: yagiye kugura amafi. Mzungumzaji aliye na alikwenda kununua upande mmoja na alikwenda ili anunue upande mwingine anahitaji hatua moja tu kufikia alikwenda ili kununua. Muungano huo unaeleza kwa nini ili ilivuka mpaka na ingawa haikuvuka: hakuna muundo wa Kiswahili ambapo kitenzi-jina peke yake hubeba maana ya ingawa. Tafsiri iliusukuma mlango, haikuujenga.

Hapo hapo kuna jambo la kushangaza. Kirundi, ambacho kingetarajiwa kulaumiwa kwanza, huvuta upande wa pili. Kugira ngo hufuatwa na kitenzi chenye nafsi: yagiye kw'isoko kugira ngo agure amafi. Agure hiyo ni ndugu wa moja kwa moja wa anunue. Mtoto wa Kizuka anayefundishwa ili anunue hafundishwi kitu kigeni. Anaoneshwa kwa Kiswahili kile ambacho mama yake husema kwa Kirundi.

7. Mtenda aliyefichwa

Ikiwa miundo yote ina asili halali, je, kuna haja ya kanuni? Ipo, lakini si ile ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Tatizo la KU- baada ya kiunganishi huanza pale sentensi inapokuwa na watu wawili. Linganisha:

(5) Tume itawaita mrejeaji na mkazi ili kugawana shamba.
(6) Tume itawaita mrejeaji na mkazi ili wagawane shamba.

(7) Mrejeaji alikubali kumwachia mkazi nusu ya shamba na kujenga nyumba.
(8) Mrejeaji alikubali kumwachia mkazi nusu ya shamba, naye mkazi ajenge nyumba.

Katika (5), anayetaka anaweza kusema kwamba tume yenyewe inahusika katika mgawo. Katika (6) hawezi. Katika (7), ruhusa ya kujenga inaweza kudaiwa na pande zote mbili, na kila upande utakuwa na sarufi mkononi. Ikumbukwe kwamba (7) ina na ku-, muundo ambao hakuna mwanasarufi anayeupinga. Kwa hiyo usanifu si kinga. Sentensi (1) iliyofungua makala hii nayo ni sanifu kabisa.

Burundi iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006, katika kutekeleza ahadi za Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 kuhusu wakimbizi na mali zao. Mashauri ya aina hii hupitia lugha kadhaa: malalamiko husemwa kwa Kirundi au Kiswahili, kumbukumbu huandikwa kwa lugha ya ofisi, na maelezo hurudishwa kwa wahusika kwa mdomo. Kila kuvuka ni nafasi ya mtenda kupotea. Kifaransa hulinda nafasi hiyo kwa kanuni inayojulikana na kila aliyemaliza shule: mtenda akiwa yuleyule, kitenzi-jina hutumika, akibadilika, kiunganishi chenye que na kitenzi chenye nafsi hutumika. Mtafsiri anayepokea afin de na afin que na kuvigeuza vyote kuwa ili ku- ameitupa taarifa ambayo matini asilia ilikuwa nayo. Kiswahili hakina upungufu wa zana za kuihifadhi: ili wagawane, kabla hajaondoka, naye ajenge.

Upande wa shule, hasara ni ya namna nyingine. Mwanafunzi wa mwambao anayeandika kisha kuuza akikatwa alama sawa na mwenzake anayeandika sentensi isiyo na mtenda, anajifunza kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao ni kosa, na hajifunzi kwamba uwazi wa mtenda ni wajibu. Mizani ya usahihishaji inayoadhibu asili ya muundo na kuupuuza utata wake imepindua mambo.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaongoza kwenye mapendekezo matatu. La kwanza linahusu mitaala: na ku-, kabla ya ku- na bila ku- zifundishwe kuwa urithi wa Kiswahili, na miundo ya ziwani kama mbele ya ku- na kisha ku- ielezwe kuwa ya lahaja, si kuwa makosa. La pili linahusu ili ku-: ikubalike pale mtenda wa vitenzi vyote viwili ni mmoja na hana mshindani katika sentensi, na ili pamoja na hali tegemezi idaiwe penginepo. La tatu linahusu nyaraka za ardhi, mikataba na matangazo ya tawala za mitaa: popote pale penye watu wawili au zaidi, kitenzi kinachofuata kiunganishi kibebe nafsi, na ikibidi mtenda atajwe kwa jina. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iko mahali pazuri pa kuingiza kanuni ya namna hii katika miongozo ya tafsiri ya nchi wanachama, kwa kuwa sasa Jumuiya ina nchi ambazo Kiswahili chake hakikupitia mkutano wa Mombasa.

Kwa sentensi (1), marekebisho ni madogo: Mrejeaji atamlipa mkazi fidia kabla mkazi hajaondoka shambani. Neno moja limebadilishwa, kitenzi kimepata nafsi, na familia mbili zinajua ni nani anayefungasha mizigo na ni lini fedha zinapaswa kuwa mkononi.